Sherehe zisizo na tarehe: watu wa mlima na pande mbili za Lhubiriha



Leo nataka kuongea juu ya sherehe. Naanza na tarehe moja ambayo kila Mkongomani anaijua: 30 Juni. Mwaka 1960, siku hiyo, Kongo ilipata uhuru. Shuleni tuliimbishwa mpaka sauti zikakauka. Lakini kuna 30 Juni nyingine, ya hapahapa Kasese, ambayo wengi wetu tuliovuka pale Mpondwe hatukufundishwa. Mwaka 1962, tarehe hiyohiyo, mwalimu mmoja Mkonzo anayeitwa Isaya Mukirane alitangaza kwamba watu wa mlima wa Rwenzori wamejitenga na ufalme wa Toro, na nchi yao inaitwa Rwenzururu. Uganda yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru, ilikuwa inangoja 9 Oktoba. Kwa hiyo mlima mmoja, watu wa lugha moja, una 30 Juni mbili, moja upande wa jua kutua na nyingine upande wa jua kutoka. Katikati kuna mto Lhubiriha, ambao wakati wa kiangazi mtoto anauvuka maji yakiwa magotini.

Kwa nini naleta habari hii sasa? Kwa sababu tuliombwa na watu wa shirika fulani tujaze karatasi ya "sherehe za jadi za wakimbizi". Karatasi ilikuwa na safu tatu: jina la sherehe, tarehe, muda kwa dakika. Safu ya kwanza ilijaa haraka. Ya pili ilitushinda. Tulimwita mzee mmoja wa Bwera, mtu wa miaka mingi, tukamuuliza: mzee wetu, olhusumba inafanyika tarehe gani? Alicheka sana. Akasema, "Mtoto wangu, mvua ina tarehe?"

Jibu lake si mzaha. Ndiyo historia yenyewe.

Sherehe za zamani za Bakonzo, ambao upande wa Kongo tunaitwa Banande, hazikukaa kwenye kalenda. Zilifuata vitu vitatu: mvua, chakula na amani. Hapa kwetu mvua ni mbili kwa mwaka, ile ya Machi mpaka Mei na ile ya Agosti mpaka Novemba. Baada ya kila mvua kuna kuvuna, na baada ya kuvuna kuna unga, na unga ukiwepo kuna obundu na kuna pombe, na hapo ndipo watu wanaweza kualikana. Hakuna mtu anayeita wageni wakati ghala liko tupu. Ndoa, kumaliza kilio cha marehemu, kuwashukuru mizimu wa mlima, vyote vilisogezwa kuelekea miezi ya shibe. Wazee wa mlimani walimheshimu Kithasamba, ambaye makao yake yako juu kabisa kwenye barafu, pamoja na Nyabibuya. Theluji yenyewe wanaiita Nzururu, na ndipo jina Rwenzururu linapotoka. Watalii wakiona ile nyeupe wanapiga picha. Bibi zetu walipoiona waliinamisha macho.

Sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa olhusumba, yaani jando. Hii haikuwa ya kila mwaka, wala ya kila miaka mitano. Vitabu huandika kwamba miaka 15 mpaka 18 ilikuwa inapita kati ya moja na nyingine. Fikiria maana yake. Mtoto wa miaka mitatu na kijana ambaye ndevu zimeshaota wangeweza kuingia porini mwaka mmoja, wakakaa kambini mbali na mama zao, wakafundishwa nyimbo na siri, wakatoka wote wakiwa rika moja. Ukikosa, unangoja mpaka uwe na watoto wako mwenyewe. Kwa hiyo olhusumba ilikuwa pia saa ya kuhesabia umri wa watu. Mtu hakusema "nimezaliwa mwaka fulani". Alisema mimi ni wa jando lile, baba yangu ni wa lile la kabla.

Na haikuweza kufanyika katika vita. Hili ndilo nataka vijana wenzangu mlishike. Ukitaka kupeleka watoto wote wa kiume wa kilima kizima porini, bila silaha, wakiwa na vidonda, lazima kwanza ujue jirani hatakuja usiku. Lazima ukoo huu uwe umesuluhishwa na ule. Lazima wazee wa ng'ambo ya mto wamekubali, kwa sababu kwa kawaida jando halikuishia kijiji kimoja, lilitembea kutoka bonde mpaka bonde, na upande wa Kongo ulikuwa na sauti kubwa katika kulianzisha. Kabla ya kisu kulikuwa na mikutano mingi sana. Mimi naona mikutano ile ndiyo iliyokuwa kazi ngumu, na kisu kilikuja mwishoni tu.

Ndiyo maana siridhiki nikisikia watu wanasema jando limekufa kwa sababu ya hospitali. Ni kweli, tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba tohara inasaidia kupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa wanaume, kliniki nyingi Uganda zinatahiri bure, na ni vizuri, kisu ni safi, dawa ipo. Daktari anamaliza kwa dakika chache. Lakini jando lilikuwa limeshaanza kukosa pumzi kabla, na sababu moja kubwa ni mpaka. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana Ulaya kwamba mstari upite juu ya Rwenzori na kushuka mabondeni. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kikagawanywa kama mkate. Tangu hapo mkutano wa wazee wa pande mbili ukawa mkutano wa watu wa nchi mbili, na mtu wa serikali akiona watu wengi wamekusanyika usiku porini bila ruhusa anafikiria jambo moja tu.

Sasa niseme kuhusu majina, kwa sababu hapo mpaka ulishindwa. Upande wa Kongo mtoto wa kwanza wa kiume ni Mumbere, wa pili Paluku, wa tatu Kambale, wa nne Kasereka, wa tano Kakule. Hapa Bwera ni Mumbere, Baluku, Bwambale, Masereka, Kule. Masika ni Masika kote. Siku ya kwanza niliyosimama kwenye foleni ya mahindi hapa, askari wa Uganda aliita "Baluku!" na nusu ya foleni ya Wakongomani ikageuka. Kila mtoto akizaliwa kuna karamu ndogo, na jina linamngoja tayari, halimwulizi mtu kitambulisho. Hiyo ni sherehe ambayo haihitaji msimu wala ruhusa ya mkuu wa kambi. Nadhani ndiyo maana imevuka mzimamzima.

Turudi kwa Mukirane, maana hapo ndipo habari inapokuwa na moto.

Miaka ya 1950 Wakonzo waliishi chini ya ufalme wa Toro. Shule na kanisa vilitumia Rutooro. Mtoto akiongea Lhukonzo darasani alichekwa. Kazi za uchifu zilikwenda kwa wengine. Katikati ya miaka hiyo Mukirane, akiwa mwalimu kijana, alitembea milimani pamoja na Mwingereza mmoja mwandishi wa habari, Tom Stacey, wakiuliza wazee habari za kale. Kutokana na matembezi hayo kikazaliwa chama cha kutafiti historia ya maisha ya Bakonzo. Kutafiti tu! Vijana wenye madaftari, wanauliza: sherehe hii ilifanywaje, wimbo huu ni wa nani, ukoo huu ulitoka wapi. Unaona? Ni kama grupu letu. Wangekuwa na simu wangekuwa wanatuma sauti kama sisi.

Lakini ukiuliza wazee juu ya sherehe, utaambiwa pia kwa nini ilisimama. Na ukiuliza kwa nini ilisimama utasikia majina ya Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walioongoza upinzani dhidi ya Toro na Waingereza na wakanyongwa mwaka 1921. Daftari la mila likawa daftari la madai. Mapema mwaka 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba, Mukirane akiwa mbele pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitoka kwenye baraza la Toro kwa sababu watu wao hawakukubaliwa kuwa sawa na Watooro katika katiba. Halafu ikaja ile 30 Juni. Mukirane akapanda mlimani, akawa mfalme huko juu, na vita vikadumu miaka ishirini. Mwaka 1963 serikali ya Obote ilimwita yuleyule Stacey aende kuongea na rafiki yake. Hakufaulu.

Simlaumu Mukirane na simsifu. Nasema tu kwamba mtu anayetuambia kuandika mila ni kazi nyepesi ya kujaza muda wa vijana, huyo hajui mlima huu.

Miaka ile ya vita nyimbo hazikunyamaza. Kwaya za Rwenzururu zilitunga nyimbo za kulalamika na za kutia moyo, na watafiti wawili, Peter Cooke na Martin Doornbos, waliziandikia makala mwaka 1982. Ala za muziki ndizo zilezile za sherehe. Kuna eluma, filimbi ambazo kila moja inatoa sauti moja tu. Mmoja hawezi kupiga wimbo peke yake hata awe fundi namna gani. Anapuliza sauti yake, anangoja, mwenzake anapuliza yake, na wimbo unazunguka katikati yao. Na kuna endara, mbao zinazopangwa juu ya migomba miwili iliyolazwa chini, watu kadhaa wanapiga pamoja. Sherehe ikiisha mbao zinakusanywa na kwenda nyumbani, migomba inaachwa ioze. Naipenda sana ala hii. Kitu kizito kinatafutwa palepale mlipo, kile chepesi chenye sauti ndicho unabeba. Ukikimbia na endara, unakimbia na fungu la mbao tu.

Mukirane alifariki Septemba 1966 huko mlimani. Mwanawe Charles Wesley Mumbere, akiwa bado mtoto, akarithi. (Mumbere, umeshaelewa: mtoto wa kwanza.) Agosti 1982 alishuka kwa makubaliano na serikali, silaha zikawekwa chini. Halafu akaenda Marekani, na huko Pennsylvania mfalme huyu alifanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, kuwaosha, kuwalisha. Kazi ileile ambayo binamu zetu waliopata bahati ya kupelekwa Marekani wanatutumia picha zake na nguo za buluu. Alirudi, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua ufalme wa Rwenzururu. Tarehe 19 Oktoba 2009 akatawazwa rasmi.

Tangu hapo Kasese ikapata sherehe yenye tarehe. Kila 19 Oktoba ni kumbukumbu ya kutawazwa kwa Omusinga, na watu walishuka kutoka mabonde yote, na wa ng'ambo wakavuka. Ni tarehe ya mvua, ukiangalia vizuri. Wazee wa zamani wasingeichagua, barabara za mlimani zinakuwa tope tupu mwezi huo. Lakini tarehe za ufalme na za serikali hazimwulizi mkulima.

Na tarehe ikishaandikwa, inaweza pia kuzuiwa. Novemba 26 na 27, mwaka 2016, majeshi ya serikali na walinzi wa ufalme walipambana, ikulu ya Buhikira mjini Kasese ikashambuliwa, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Omusinga alikamatwa, baadaye akaachiwa kwa dhamana lakini akakatazwa kurudi nyumbani. Miaka karibu saba 19 Oktoba ilifika na kupita bila yeye. Watu wa Kasese wanajua vizuri kabisa maana ya kuwa na sherehe moyoni na usiwe na uwanja. Ndiyo sababu moja, mimi naamini, wanatuelewa haraka kuliko watu wa mikoa mingine. Mashtaka yalifutwa Juni 2023, na Oktoba 4 mwaka huo alirudi Kasese, wiki mbili kabla ya ile siku.

Mwezi huohuo wa Juni 2023, sisi wa mpakani tulikuwa kwenye kilio kingine. Usiku wa tarehe 16 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Siku nne baadaye ilikuwa 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, yenye mahema, fulana na hotuba. Siku kumi mbele, 30 Juni. Hapo ndipo nilielewa kabisa kicheko cha yule mzee. Kalenda haioni kilio. Olhusumba ingeahirishwa mwaka, hata miaka mitatu, na hakuna ambaye angesema programu imechelewa.

Hata magonjwa yaliheshimiwa hivyo. Juni 2019 Ebola ilipovuka na familia iliyotoka Kongo na kufika hospitali ya Bwera, mikusanyiko Kasese ilizuiwa, siku za soko zikasimamishwa. Ba mama wa Mpondwe waliumia sana, soko ndilo maisha yao. Lakini wazee hawakushangaa. Kusimamisha watu wasikusanyike wakati wa hatari ni desturi ya zamani kuliko wizara yoyote.

Sitaki mfikiri sherehe zote za hapa ni za huzuni. Krismasi mlimani ni kitu cha kuona! Kahawa inaiva kuelekea mwisho wa mwaka, pesa inaingia, na Desemba mbuzi wanakosa amani kabisa. Wakatoliki wana 3 Juni, Mashahidi wa Uganda, na wapo wanaotembea kwa miguu kutoka Bwera mpaka Namugongo, karibu kilomita 400, na Wakongomani wanavuka kuungana nao. Idi nayo inasogea kila mwaka na mwezi, ndiyo sherehe kubwa pekee hapa ambayo bado inatazama juu angani kabla ya kuanza. Angalia jinsi hizi zilivyojikalisha: Krismasi imekaa juu ya mavuno ya kahawa, 3 Juni imekaa mahali mvua ya masika inapopungua. Nadhani watu wa mlima walizipokea kwa urahisi kwa sababu nafasi yao ilikuwa tayari.

Sasa, ile karatasi. Dada mmoja wa shirika, mtu mzuri tu, alituambia kila kabila litapewa dakika kumi jukwaani. Sina neno na jukwaa. Watoto wanafurahi na wageni wanapiga makofi. Lakini eluma ya dakika kumi haifiki popote, hao wapigaji wanakuwa bado wanasikilizana. Na hakuna jukwaa la kuonyesha mikutano ya wazee, kusuluhisha koo, kukubaliana na ng'ambo. Na hapa kambini, ambapo Bahema na Balendu wanachota maji bomba moja, na Banande na majirani zao wanakumbuka yaliyotokea Beni, mimi nataka hasa ile sehemu isiyo na ngoma.

Tulipofika safu ya tarehe tuliandika: "wakati kuna chakula na watu wamepatana". Karatasi ilirudishwa, eti haijakamilika. Tumeirudisha tena vilevile.

Huyo mzee wa Bwera amekubali kukaa nasi siku ya soko, Ijumaa, baada ya saa nane, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya usajili. Atataja rika za jando kama baba yake alivyozitaja. Leteni madaftari, na mwenye bibi au babu anayekumbuka upande wa Kongo amlete pia, tutamtafutia kiti. Anayejua mahali pa kupata migomba miwili isiyo na mwenyewe aniandikie pembeni. Mbao za endara tunazo.